Mbu watatu kwenye jeli moja: kutenganisha vipande vya DNA kwa ukubwa

Kabla hujashika mizani, niambie pengo lako ni lipi. Ndivyo ninavyomuuliza kila mwanafunzi anayekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, na wengi huanza kupekua daftari walilotoka nalo chuoni, ambamo pameandikwa "jeli asilimia moja, volti mia, dakika arobaini na tano". Hapo mtu amekariri jeli ya kazi nyingine. Jeli hupangwa kwa kuangalia vipande unavyotaka kuvitenganisha vimepishana kwa kiasi gani. Asilimia ya agarosi (unga unaogandisha jeli), bafa (maji yenye chumvi zinazopitisha umeme), volti na saa ya kuzima umeme vyote vinatokana na pengo hilo.

Nitaeleza kwa kazi ninayoifanya mwenyewe huku pwani ya Tanga: kutambua mbu wa kundi la Anopheles gambiae. Wanakuja kutoka vijijini wakiwa wamekaushwa kwenye vijichupa vyenye silika, kila mmoja na namba yake. Kwenye hadubini utajua ni wa kundi hilo, na hapo ndipo hadubini inapokwama. Gambiae mwenyewe, arabiensis na merus wanafanana mno, huwezi kuapa kwa macho. Tabia zao ndizo zinazopishana. Gambiae anapenda damu ya mtu na anapenda kuifuata ndani ya nyumba. Arabiensis hamkatai ng'ombe na hana shida kuuma nje. Merus anazalia maji yenye chumvi, kwa hiyo vijiji vilivyo karibu na mikoko humwona sana. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, vyandarua vyenye dawa vilipoenea gambiae alipungua, arabiensis akabaki. Anayepanga kudhibiti malaria anahitaji kujua anapambana na yupi, na mguu mmoja wa mbu unatosha kumpa jibu.

Njia tunayotumia ni PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, iliyochapishwa mwaka 1993 na Scott na wenzake. Kwenye kijichupa kimoja unachanganya praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) moja inayoshika DNA ya wote pamoja na praima za kila aina. Kila mbu anazalisha kipande cha urefu wake: gambiae jozi 390 (jozi za besi, kipimo cha urefu wa DNA), arabiensis jozi 315, merus jozi 460 na ushei. Wapo wengine kwenye kundi, kama quadriannulatus mwenye jozi 153, ila hao watatu ndio wa kila siku kwetu.

Sasa hesabu pengo. Toka 315 hadi 390 ni jozi 75. Toka 390 hadi kwa merus ni kama hivyo hivyo. Kwenye jeli ya asilimia moja vipande hivi vitateremka vikiwa vimebanana huku chini, vinene, na utaanza kubishana na mwenzako kama huu ni wa juu au wa chini. Ukishaanza kubishana, jeli imeshindwa kazi yake. Mimi natengeneza asilimia 2.5.

Sababu si ngumu. Uti wa DNA una fosfati, na fosfati zina chaji hasi, kwa hiyo ukiweka DNA kwenye umeme itakimbilia upande chanya. Kipande kirefu kina chaji nyingi, lakini kina uzito mwingi vilevile kwa uwiano uleule, hivyo kwenye maji matupu vyote vingekwenda karibu sawa. Agarosi ndiyo inayoleta tofauti. Ikiganda inakuwa wavu wenye matundu, na kupita humo ni sawa na kupita sokoni siku ya gulio: mtoto anapenya, mama mwenye tenga kichwani anasubiri nafasi. Agarosi ikizidi, matundu yanakuwa madogo, na vipande vifupi vinavyokaribiana ndipo vinapoachana. Ungekuwa na vipande vya jozi elfu tano na elfu nane ningekuambia ushuke hadi asilimia 0.8, maana kwenye 2.5 vingeng'ang'ania juu vikiwa pamoja.

(Agarosi hutokana na mwani mwekundu. Wanafunzi kutoka Zanzibar hupenda kuuliza kama ni ule unaolimwa Paje na Jambiani. Hapana. Ule wa kwetu hutoa karajini, inayokwenda kwenye dawa za meno na vyakula. Agarosi inatoka kwa jamii nyingine ya mwani, kama Gelidium.)

Bafa

Kuna mbili zinazotumika sana, TAE na TBE. Kwa vipande vifupi chagua TBE. Mistari inatoka myembamba na bafa haichoki haraka. Tunaitengeneza ikiwa nzito mara kumi: Tris gramu 108, asidi ya boriki gramu 55, EDTA ya mola 0.5 yenye pH 8.0 mililita 40, halafu maji safi hadi lita moja. Ya kutumia ni ile ya nusu: mililita 50 za nzito kwenye mililita 950 za maji. Chupa ya nzito ikikaa muda mrefu hutoa chembe nyeupe chini. Usiitikise ukajifanya hukuziona, tengeneza mpya.

Bafa ya kutengenezea jeli na ya kujazia tangi ziwe ileile. Mtu akiyeyusha agarosi kwenye maji matupu, jeli itaganda vizuri kabisa, itapendeza, na DNA haitakwenda popote pa maana, kwa sababu umeme unahitaji chumvi za bafa ili upite. Nasema hivi kwa kuwa chupa ya maji na chupa ya bafa zinafanana na hukaa rafu moja. Andika kwa kalamu nene.

Kuipika

Trei yetu ina upana wa sentimita 10 na urefu wa 15. Mililita 80 zinatoa jeli yenye unene wa nusu sentimita hivi. Asilimia 2.5 ya 80 ni gramu 2 za agarosi. Tumia flaski ya mililita 300, usitumie ya 100, kwa sababu agarosi nzito inaumuka na kumwagika ndani ya maikrowevu, na kuisafisha utaifanya wewe.

Mimina bafa baridi kwanza, halafu nyunyiza unga wa agarosi kidogo kidogo huku unazungusha flaski. Ukimwaga wote kwa pupa unapata mabonge. Iache ilowe dakika kadhaa. Kwenye jeli ya asilimia moja hatua hii watu wanairuka na mambo yanakwenda, kwenye 2.5 usiiruke. Pima uzito wa flaski na vilivyomo, uandike.

Kisha maikrowevu, sekunde thelathini thelathini, ukitoa na kuzungusha taratibu kila mara. Vaa glovu nene za kuzuia joto na uelekeze mdomo wa flaski mbali na uso. Kimiminika kinaweza kutulia kana kwamba hakijachemka, ukakitikisa kikaruka chote kwa mpigo. Inua flaski kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vipunje vinavyong'aa, vile vyembamba kama utando, bado. Vipunje hivyo vikibaki, matundu ya jeli hayatakuwa sawa na mistari itapinda bila sababu utakayoiona. Ikishakuwa angavu kabisa, rudisha kwenye mizani, na ongeza maji ya moto hadi uzito ule wa mwanzo. Maji yaliyopotea kwa mvuke yamekwenda peke yake, na agarosi imebaki palepale, usiporudisha, 2.5 yako imeshakuwa karibu na 3 na wewe hujui.

Iache ipoe hadi nyuzi 60 hivi. Jeli nzito huganda upesi, usiisubirishe sana ukaja kukuta imeanza kushika pembeni. Hapo ndipo tunaweka ethidiamu, maikrolita 4 za ile ya miligramu 10 kwa mililita, ipatikane mikrogramu 0.5 kwa kila mililita ya jeli. Ethidiamu inajiingiza katikati ya ngazi za DNA na kung'aa rangi ya chungwa chini ya UV. Kwa kuwa inajiingiza kwenye DNA yoyote, hata yako, ni kitu cha kuheshimu: glovu za nitraili, benchi moja maalumu, pipeti moja maalumu, na ukiwa na glovu hizo hushiki simu, hushiki kitasa, hujikuni pua. Taka zake zina ndoo yake. Maabara yenye uwezo itumie GelRed au SYBR Safe; ya pili inaonekana hata kwa mwanga wa bluu na macho yanapumzika.

Wengine huchovya jeli kwenye ethidiamu baada ya kumaliza, na picha zao zinatoka safi zaidi, nakubali. Mimi naiweka ndani mapema kwa sababu beseni la kuchovya ni lita nzima ya taka ya kutunza. Ila ujue jambo moja: ethidiamu ina chaji chanya, kwa hiyo wakati DNA inashuka, ethidiamu iliyo huru inapanda kinyume chake. Ukiendesha jeli muda mrefu, sehemu ya chini inabaki haina rangi na vipande vidogo vinafifia. Mtu akiona hivyo hudhani PCR yake ni dhaifu.

Weka trei mezani palipo sawa. Kipima maji cha fundi uashi cha bei ndogo kinatosha kuhakikisha. Kitana, kile kinachoacha visima vya kuwekea sampuli, kisiguse sakafu ya trei, kiachie milimita moja, la sivyo visima vitakuwa na tundu chini na sampuli itavujia huko. Mimina polepole kutoka kona moja. Mapovu yasukume pembeni kwa ncha ya pipeti jeli ikiwa bado ya maji. Nusu saa inatosha kuganda.

Kitana kitolewe jeli ikiwa imeshafunikwa na bafa ndani ya tangi. Kivute wima, pande zote mbili kwa pamoja, bila haraka. Ukikivuta kikiwa kikavu kinanyonya kuta za visima na kuzichana. Bafa izidi uso wa jeli kwa milimita mbili au tatu tu.

Kupakia

Chora ramani kwenye daftari kabla hujagusa pipeti: kisima cha kwanza kina nini, cha pili kina nini. Ukisema utaandika baadaye, hutaandika.

Kwetu kisima cha kwanza ni lada ya jozi 100, yaani mchanganyiko wa vipande vya DNA vyenye urefu unaojulikana. Zinafuata sampuli, halafu mbu watatu tunaowajua kwa hakika, mmoja wa kila aina, halafu kijichupa cha maji kilichopitia PCR bila DNA, halafu lada tena. Kati ya maji na lada ya mwisho naacha kisima kimoja kitupu makusudi. Jeli ikigeuzwa juu chini, na itageuzwa siku moja, lada mbili za pembeni zinaifanya ionekane sawa toka pande zote. Kile kisima kitupu kinakuambia kulia ni wapi.

Maikrolita 10 za PCR, maikrolita 2 za rangi nzito mara sita. Rangi ina gliseroli inayofanya sampuli izame, na ina bluu ya kukuonyesha safari imefika wapi. Weka viwiko vyote viwili mezani, shika pipeti kwa mkono mmoja na uitulize kwa kidole cha mkono wa pili. Ncha iingie kwenye bafa juu tu ya mdomo wa kisima, isiingie hadi chini. Sukuma taratibu, uone bluu inateremka yenyewe na kutulia. Usiachie kidole gumba ukiwa bado ndani, utainyonya tena. Toa pipeti kwanza, ndipo uachie. Anayeanza apewe jeli chakavu na rangi tupu ajizoeze mchana mzima. Hakuna maneno yanayoweza kufundisha mkono.

Umeme

Visima viwe upande mweusi, hasi. DNA inakimbilia nyekundu. Nyaya zetu zimepauka kiasi kwamba nyekundu inafanana na kahawia, kwa hiyo nawafundisha kuangalia mapovu: upande hasi unatoa hidrojeni, upande chanya unatoa oksijeni, na hidrojeni ni mara mbili. Panapochemka zaidi ndipo hasi, na visima viwe huko. Baada ya dakika tano angalia tena. Bluu iwe imeondoka kwenye visima na kuingia kwenye jeli. Ikiwa inarudi nyuma, zima, geuza nyaya, endelea. Ukiwahi hivyo hujapoteza kitu.

Volti zihesabiwe kwa umbali kati ya elektrodi na elektrodi, si urefu wa jeli. Volti 5 kwa kila sentimita ni mwendo mzuri. Tangi letu lina sentimita 20, hivyo volti 100. Najua kuna wanaoweka 150 wakiwahi daladala. Joto linapanda, katikati ya jeli panakuwa pa moto kuliko pembeni, mistari ya katikati inatangulia na kila safu inapinda. Kwenye pengo la jozi 75 mpindo huo unakuharibia kila kitu, kwa sababu unalinganisha kisima cha katikati na lada iliyo ukingoni. Huku kwetu mwezi wa pili, kiyoyozi kikigoma, natumia bafa iliyolala kwenye friji.

Soma na namba ya ampia. Miliampia sifuri maana yake waya umekatika, kifuniko hakijakaa, au kuna maji mahali pa bafa. Ikiwa juu kupita ulivyozoea, mtu amesahau kuzimua bafa.

Muda ni saa moja na nusu hadi mbili, lakini usitazame saa, tazama bluu. Kwenye jeli hii bluu ya mbele husafiri pamoja na vipande vya chini ya jozi 200, kwa hiyo mbu wako wote watatu wako nyuma yake. Ikifika theluthi mbili ya jeli, zima. Umeme ukikatika katikati kwa muda mfupi, iache jeli palepale na uendelee ukirudi, ila hakikisha pawasaplai imewaka kweli. Nyingi zikirudishiwa umeme hukaa zinasubiri ubonyeze kitufe. Ukikatika mchana mzima, DNA itakuwa imeanza kutawanyika kila upande na mistari itanenepa. Ndiyo maana PCR iliyobaki haitupwi mpaka jeli isomwe.

Kusoma

Kinga ya uso kwanza. Miwani ya kawaida haizuii UV isiguse mashavu. Picha ipigwe mapema.

Anza na kisima cha maji. Kikiwa na mstari popote juu ya jozi 100, acha kusoma, hakuna jibu kwenye jeli hiyo. Ukungu mdogo chini kabisa ni praima zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe, huo usikutishe. Kisha angalia mbu watatu unaowajua kama wako mahali pao. Ndipo uende kwenye sampuli.

Kwenye lada tafuta mstari wa 500. Kampuni nyingi huufanya ung'ae kuliko jirani zake. Hesabu kushuka: 400, 300. Arabiensis anakaa juu kidogo tu ya 300, karibu kuugusa. Gambiae anakaa chini kidogo tu ya 400. Merus yuko kati ya 400 na 500, akiegemea 500. Macho yakizoea, utawatambua kabla hujafika kwenye lada. Usipime kwa rula ukadhani nusu ya njia kati ya mistari miwili ni nusu ya jozi: umbali hufuata logi ya urefu, kwa hiyo huku chini nafasi ni pana na juu zinabanana. Ukihitaji namba kamili, chora umbali dhidi ya logi ya jozi za lada upate mstari ulionyooka, ndipo usome kipande chako hapo.

Lada ikionekana na sampuli zote ziko kimya pamoja na mbu unaowajua, kosa liko kwenye PCR. Lada nayo isipoonekana, kosa liko kwenye jeli, na mara nyingi ni ethidiamu iliyosahaulika. Ichovye nusu saa, utaokoa kazi. Mburuzo mrefu toka kisimani hadi chini ni DNA nyingi kupita kiasi. Kivuli cheusi kilichoufunika mstari ni bluu yenyewe inayomeza mwanga. Punguza rangi safari ijayo.

Kisima chenye 390 na 315 kwa pamoja huwasisimua sana wanafunzi, wanataka kuandika chotara. Chotara wapo, ila ni wachache sana porini. Kilicho cha kawaida zaidi ni mguu wa mbu mwingine ulioshikamana na kibano, au tone lililoruka toka kijichupa jirani. Chukua mguu mwingine wa mbu yuleyule, anza upya toka uchimbaji wa DNA, halafu tuzungumze.

Mbu asiyetoa mstari wowote wakati wenzake wametoa, zimua DNA yake mara kumi na urudie, kwa sababu uchafu wa mwili wa mbu huzuia PCR na kuzimua kunaupunguza. Akikataa tena, rudi kwa aliyemtambua kwa hadubini. Anopheles funestus, mbu wa kundi jingine, aliyepoteza magamba ya mabawa hupita kirahisi kama gambiae, na praima hizi hazimjui. Huyo ana PCR yake na jeli yake, yenye pengo lake.